Ukikata kona gari linalia 'ka-ka-ka'? Usikimbilie dukani!

Kuna watu wanajua kubembeleza mkoko kuliko wanavyobembeleza wachumba zao. Asubuhi wanauosha, jioni wanaupulizia marashi, muziki ndani unatikisa vioo. Lakini mkoko huohuo ukianza kulia huko mbele kila unapokata kona, dawa yao ni moja tu: kuongeza sauti ya redio!

Wiki hii niko Kasulu, Kigoma ya milimani, na huku mlio wa mbele si jambo la mzaha. Kwa miaka mingi njia ya Kasulu kwenda Kibondo ilikuwa udongo mwekundu mtupu, kiangazi vumbi, masika tope. Mwaka 2018 Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha fedha za kuweka lami kilomita 260, kutoka Kabingo hadi Manyovu, kupitia Kibondo na Kasulu. Sawa, lami safi. Ila gari lililokulia kwenye mashimo halizaliwi upya kwa sababu ya lami, na ukiacha njia kuu kuingia vijijini, vumbi lako unalikuta palepale.

Basi stendi nikamkuta dogo mmoja, dereva wa mchomoko. Mchomoko wenyewe ni Probox, ile ya kubeba watu hadi mlango unafungwa kwa goti. Kila akikata kona inalia ka-ka-ka-ka. Fundi wa kwanza alimwambia beringi. Akanunua mbili, hesabu ya tajiri ya siku tatu ikayeyuka. Akawasha gari, akakata kona: ka-ka-ka!

Tukaenda kwa fundi mwingine, mzee wa makamo, gereji yake ni kivuli cha mwembe.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba wanangu. Zima redio, fungua vioo, zunguka hapo uwanjani polepole. Usukani kata mpaka mwisho, kushoto kwanza, halafu kulia."

Hakushika spana. Alisimama tu, mikono nyuma, kama mtu anayesikiliza taarifa ya habari. Dogo alipokata kushoto na kukanyaga mafuta kidogo, mlio ukaja upande wa kulia. Alipokata kulia, kimya.

"Sivi-jointi ya kulia, ya nje," mzee akasema.

Hebu nikueleze. Kwenye gari linalovutwa na magurudumu ya mbele, tairi lilelile linalopinda kona ndilo linalopokea nguvu ya injini. Kiungo kinachowezesha mambo hayo mawili kwa pamoja ndiyo sivi-jointi, na aina iliyo kwenye magari mengi ilibuniwa na mhandisi Alfred Rzeppa huko Marekani miaka ya 1920. Ndani kuna gololi sita zinazoogelea kwenye grisi, nje imevishwa buti la mpira. Buti likichanika, grisi inatoka, vumbi linaingia, gololi zinakula njia zake. Ukiona grisi nyeusi imerukia upande wa ndani wa rimu, ujue mambo yameanza. Ukiwahi kabla ya mlio, unasafisha, unajaza grisi mpya, unavalisha buti jipya. Ukishasikia ka-ka-ka, grisi haiponyi kitu, hapo ni kubadili.

Beringi haina lugha hiyo. Beringi inavuma, vuuu, na mvumo unapanda na mwendo. Ukiyumba kushoto ukasikia umezidi, uzito umelalia kulia, basi mtuhumiwa yuko kulia. Gari linaponguruma limesimama huku unazungusha usukani, angalia kwanza mafuta ya pawa stelingi. Na mkwaruzo mkavu wa kukera mara nyingine ni kijiwe tu kimebanwa karibu na diski ya breki, tena huku mawe hayana uhaba. Kukitoa ni kazi ya bisibisi.

Wenye Land Cruiser za zamani nao wana lao. Masika wanaweka foo-wili kwenye tope, wakifika kwenye lami wanasahau kuitoa. Kwenye kona tairi za mbele zinapita njia ndefu kuliko za nyuma, na lami haitelezi kama tope, kwa hiyo gari linabana, linagugumia, linakataa kupinda. Jamaa anakimbilia gereji kumbe ni kurudisha mkono tu!

Turudi kwenye mwembe. Mzee akapiga jeki upande wa kulia, chini akaweka gogo, maana jeki peke yake si ya kuaminiwa na mtu mwenye watoto. Akashika tairi kushoto na kulia, akatikisa. Likicheza hapo, angalia tairodi. Halikucheza. Akashika juu na chini. Kimya. Akahamia upande wa kushoto, upande usiolia kabisa, akatikisa juu na chini. Kong'! Akamwambia dogo akamate tairi, yeye akainama na tochi.

"Njoo uone. Boljointi hii inakaribia kuchomoka."

Mwanawane! Boljointi ndiyo inayoshika mguu wa chini wa tairi. Ikichomoka, tairi linalala ubavu na usukani unabaki pambo. Na dogo jioni ile alikuwa na abiria wa Kibondo, ateremke nao hadi daraja la Malagarasi.

Mfukoni hela ya spea moja tu. Dogo akataka sivi-jointi, kelele ziishe, abiria wasinung'unike.

"Hiyo inayopiga kelele itakusubiri siku mbili tatu," mzee akamwambia. "Hii iliyonyamaza haisubiri."

Dogo akampigia simu tajiri, wakabishana weee. Abiria wakahamia gari jingine, na mimi nikiwa mmojawao. Tulipokuwa tunaondoka alikuwa anarudi kutoka dukani, boljointi mkononi.