Makala mbili juu ya kitu kimoja

Wikipedia ni kitabu cha maarifa kilichoanza mwaka 2001 katika intaneti. Kila mutu anaweza kuandika ndani yake. Kwa hiyo mara nyingi watu wawili wanaandika juu ya kitu kimoja bila kujuana. Mufano: mumoja anaandika «Stanleyville», mwingine «Kisangani». Lakini muji ni ule ule. Ulibadilishwa jina mwaka 1966. Anayefungua makala moja tu anapata nusu ya habari.

Sasa wanaziunganisha namna gani?

1. Wanazungumza kwanza katika ukurasa wa majadiliano.
2. Wanachagua jina moja, wanahamisha huko habari zinazokosekana.
3. Wanaandika maneno yametoka wapi, sababu leseni inadai walioandika watajwe.
4. Ukurasa wa zamani haufutwi: unageuka alama ya njia, unamupeleka musomaji kwa ule mwingine.

Lakini tuangalie! «Zaïre» (1971-1997) ni inchi yetu hii hii, na bado Wikipedia ya Kiingereza imeiachia ukurasa wake, sababu kipindi kile kina historia yake.

Basi, kuunganisha ni kuchunga kazi ya wote wawili, si kufuta ya mumoja.