Nyota Kubwa na Chombo Kilichoitwa Uhuru

Huenda umewahi kupigwa picha ya eksirei hospitalini. Labda ulivunjika mkono, au daktari alitaka kuona mapafu yako. Mionzi ile huwezi kuiona kwa macho. Inapita kwenye nyama, mfupa unaizuia, na picha inatokea. Basi, wajua kwamba hata nyota hutoa eksirei? Tena, setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa kwa kazi ya kuzitafuta eksirei hizo iliruka kutoka hapa hapa Afrika Mashariki.

Ilikuwa tarehe 12 Desemba 1970. Baharini karibu na Malindi, nchini Kenya, Waitalia walikuwa na jukwaa la chuma lenye miguu iliyosimama chini ya bahari. Jukwaa hilo liliitwa San Marco. Roketi iliruka kutoka hapo ikibeba setilaiti ya Wamarekani. Siku hiyo Wakenya walikuwa wakisherehekea miaka 7 ya uhuru wao, na chombo kikapewa jina la Uhuru. Wataalamu wa dunia nzima ikawabidi walitamke neno letu, na mpaka leo wanalitamka.

Kwa nini kwenda juu kote huko? Kwa sababu hewa inazuia eksirei za angani zisifike chini. Hiyo ni heri yetu, maana eksirei nyingi hudhuru mwili. Lakini mtu anayetaka kuzichunguza hana budi apeleke chombo juu ya hewa.

Uhuru haikuwa na kioo kama darubini ya kawaida. Ilikuwa na masanduku yenye gesi. Eksirei ikiingia ndani, hutokea umeme kidogo sana, na mtambo unahesabu: moja, mbili, tatu. Chombo kilijizungusha polepole, kikipekua anga ukanda kwa ukanda.

Mwaka 1971 kikaona jambo la ajabu. Kitu kimoja kiitwacho Centaurus X-3 kilikuwa kikitoa eksirei kwa mapigo, kama moyo, pigo moja kila sekunde 5 hivi. Halafu, kila baada ya siku 2, kilipotea kwa muda wa karibu nusu siku, kisha kikarudi. Kilikuwa kinakwenda wapi? Kilikuwa kinajificha nyuma ya nyota kubwa. Ni kitu kidogo kinachoizunguka nyota hiyo, nacho ni mabaki ya nyota iliyokufa. Upana wake ni kama kilomita 20 tu, mwendo wa asubuhi moja kwa miguu, lakini ni kizito kuliko jua letu zima!

Sasa angalia yanayotendeka hapo. Gesi ya nyota kubwa inavutwa na kile kidogo, inakianguakia kwa kasi kubwa mno. Wajua jinsi chuma kinavyopata moto kikigongwa sana na nyundo. Gesi nayo, kwa kugongana hivyo, hupata joto la mamilioni ya digrii. Kitu chenye joto la namna hiyo hutoa eksirei.

Uhuru iliangalia pia Cygnus X-1. Huko nyota kubwa inazungukana na kitu kisichoonekana kabisa, ambacho wataalamu wanakiita shimo jeusi. Hata nuru ikiingia humo haitoki. Vipimo vilivyotolewa mwaka 2021 vilionyesha kuwa shimo hilo lina uzito wa majua 21 hivi.

Baadaye, mwaka 1978, Wamarekani walirusha chombo kingine, Einstein. Hicho kilikuwa na vioo. Eksirei ikipiga kioo uso kwa uso hairudi, lazima iguse kimshazari, kama kijiwe bapa ambacho watoto hukirusha kikarukaruka juu ya maji ya ziwa. Kwa vioo hivyo ilijulikana kwamba nyota kubwa hutoa eksirei hata zikiwa peke yake. Zinapuliza upepo wa gesi wenye kasi ya zaidi ya kilomita 1,000 kwa sekunde, na upepo wa nyuma unaugonga ule wa mbele.

Uhuru ilifanya kazi mpaka Machi 1973. Kiongozi wa wataalamu wake, Riccardo Giacconi, mzaliwa wa Italia, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2002.