Koina Gitibi, mwanasiasa wa kukataa

Ukishuka kwenye matatu Olenguruone asubuhi, koti ndilo utakalolitafuta kwanza. Huku juu ya milima ya Mau, Kuresoi Kusini, Kenya, ukungu hauna haraka ya kuondoka, na habari za sokoni ni bei ya viazi na maziwa. Mahali hapa ndipo Samuel Koina Gitibi alipofanya siasa yake, siasa ambayo vitabu vya historia huipa kurasa chache tu.

Mwaka 1944 Eliud Mathu aliingia Baraza la Kutunga Sheria la koloni, Mwafrika wa kwanza, tena kwa kuteuliwa na gavana. Watu wa Olenguruone wao hawakuwa na kura; siasa yao ilikuwa ya ardhi. Walikuwa Wakikuyu waliotolewa nchi ya Wamaasai na kuletwa hapa na serikali ya kikoloni kuanzia 1941, wengi wao wakiwa waliwahi kuwa maskwota, yaani vibarua wakazi wa mashamba ya walowezi wa Kizungu. Wao walihesabu ardhi hii kuwa fidia ya mashamba yao ya Kiambu yaliyochukuliwa na walowezi: githaka, mali yao kabisa. Serikali ikawaambia ni wapangaji. Ikapanga walime nini na wapi, na shamba lirithiwe na mwana mmoja tu. Mzee mwenye wake wawili na wana saba angelipelekaje neno hilo nyumbani?

Koina na viongozi wenzake wakakataa masharti hayo. Walikula kiapo cha umoja, na hapo ndipo walipobadilisha mambo. Kiapo cha awali cha chama cha Kikuyu Central Association (KCA) kilikuwa cha wachache, kwa Biblia na udongo. Cha Olenguruone kilikuwa cha nyama ya mbuzi, na walikila wanaume, wanawake, hata watoto. Ukishaapisha nyumba nzima, afisa hana wa kumrubuni pembeni. Michael Davitt, aliyeanzisha chama cha wakulima wapangaji kule Ireland mwaka 1879, angeielewa hesabu hiyo mara moja.

Serikali haikuielewa, au iliielewa mno. Nyumba zilichomwa, mifugo ikakamatwa, na kufikia 1950 watu walikuwa wamefukuzwa. Wengi walipelekwa Yatta, Ukambani, kwenye jua na ukame, na mbegu za viazi vya Mau hazikuwa na kazi huko. Kiapo chenyewe kilikuwa kimeshateremka zamani, kikashika Kiambu na mashamba ya walowezi ya Bonde la Ufa, miaka kadhaa kabla ya Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 1952 dhidi ya Mau Mau.