Kamera ya dukani: mambo ya kufanya kabla na baada ya kuiapdeti (mimi nilikaribia kumchafulia mtu jina)

Leo tuache kidogo habari za kutafuta wateja, tuongelee ile kamera uliyoifunga juu ya meza ya kupakia mizigo. Ndiyo, hiyo hiyo ambayo mara ya mwisho kuiangalia ni siku fundi anaifunga.

Mimi sio fundi. Nimeishia kidato cha nne, nauza magauni mtandaoni, nina fremu ndogo na binti mmoja ninayefanya naye kazi. Haya yote nimejifunza kwa kuharibu. Kwa hiyo naanza na nilivyoharibu.

Siku moja simu iliniletea ujumbe kwamba kamera ina apdeti mpya. Nikabonyeza. Ilipomaliza, apu ikagoma kuifungua kamera. Nikachukua pini, nikabonyeza kile kitundu cha kuriseti, nikaiunganisha upya, picha ikarudi. Nikafurahi, nikaendelea na kazi. Sikuangalia kitu kingine.

Wiki iliyofuata nikahesabu mzigo, magauni mawili ya 35,000 hayapo. Nikafungua kamera. Namuona binti peke yake dukani, anatoa mfuko mweusi kwenye rafu, anatoka nao. Saa kwenye video inasema 19:42. Sisi tunafunga saa 12 jioni, na funguo ya akiba anayo yeye. Saa 1:42 usiku anafanya nini dukani?

Sikumuuliza vizuri. Nilimuita mwizi. Nilishaanza hata kuandika status yenye picha yake ili wafanyabiashara wa mtaani wamjue. Yule binti akaiomba simu, akaangalia video huku analia, akaniambia: "Dada, mbona kuna jua hapo mlangoni?"

Nikaangalia. Kweli, jua limelala sakafuni hadi kwenye meza. Saa 1:42 usiku jua limetoka wapi?

Kamera ilikuwa inasoma saa za China. Nilipoiriseti ilirudi kwenye saa za ilikotengenezwa, GMT+8. Sisi Tanzania, Kenya na Uganda tuko GMT+3. Tofauti ni saa 5. Kwa hiyo ile 19:42 ilikuwa 14:42, saa 8:42 mchana. Siku hiyo mimi nilikuwa Kariakoo nafuata mzigo, na mimi mwenyewe nilimpigia simu nikamwambia mpe bodaboda ule mfuko mweusi wa mteja wa Sinza.

Ndiyo maana naandika hii. Soma mpaka mwisho.

APDETI ZIKO MBILI, USIZICHANGANYE

Ya kwanza ni ya apu iliyoko kwenye simu yako. Hii inatoka kwenye duka la programu kama apu nyingine zote. Ikienda vibaya, unaifuta na kuipakua upya, kamera haidhuriki.

Ya pili ni ya programu iliyo ndani ya kamera yenyewe, au ndani ya DVR kama kamera zako zinatumia waya. Hii ndiyo akili ya kamera. Ikikatika katikati, kamera inaweza kufa kabisa, isiwake tena. Hii ndiyo ya kuheshimu.

KWA HIYO TUSIAPDETI?

Hapana, tuapdeti. Mwaka 2016 kulikuwa na kirusi kinaitwa Mirai. Kilikuwa kinaingia kwenye kamera, DVR na ruta ambazo wenye navyo waliacha paswedi ya kiwandani, kisha kinavitumia kushambulia mitandao. Oktoba mwaka huo shambulio la namna hiyo lilifanya Twitter na Netflix zisipatikane kwa watu wengi. Watu hawakujua hata kamera zao zimehusika.

Septemba 2021 kampuni ya Hikvision, ambayo kamera zake zimejaa huku kwetu, ilitangaza kasoro iliyomwezesha mtu aliye mbali kuitawala kamera bila paswedi. Dawa ilikuwa apdeti. Aliyeweka amejikinga, ambaye hakuweka mlango wake umebaki wazi.

KABLA YA KUAPDETI

1. Hamisha video unazozihitaji. Kama kuna mteja mna mgogoro wa mzigo, ile video ya kupakia ihamishie kwenye simu au kompyuta kwanza. Apdeti au kuriseti inaweza kukulazimisha ufomati kadi.

2. Piga picha setingi zote. Fungua ukurasa mmoja mmoja: saa, muda wa kurekodi, ubora wa picha, jina la waifai. Ikivurugika unajua ulikuwa wapi.

3. Angalia umeme. Usianze kama Luku imebaki yuniti mbili au mtaani kwenu umeme unakatika katika. Na ruta iwe na bando la kutosha.

4. Chagua muda ambao duka limetulia. Usifanye siku ya mzigo mpya wala wiki ya sikukuu.

5. Kwa wenye DVR inayoapdetiwa kwa flashi: faili lazima liwe la modeli hiyo hiyo, herufi kwa herufi, namba kwa namba. Angalia stika iliyo chini ya mashine. Modeli inayofanana tu haitoshi, faili la mashine nyingine linaweza kuiua ya kwako. Lichukue kwa mtengenezaji, usichukue la kutumiwa na mtu kwenye kundi. Flashi nayo ifomati kwa FAT32, mashine nyingi zinasoma hiyo.

WAKATI INAENDELEA

Usiguse. Usichomoe, usizime ruta, usifunge apu kwa sababu asilimia imeganda. Kamera itajizima na kujiwasha yenyewe, ni kawaida. Ukiona kimya, subiri kama nusu saa kabla hujaanza kuchomoa chomoa.

IKIMALIZA, KAGUA VITU VITANO

Hapa ndipo mimi nilipofeli. Picha kurudi sio mwisho wa kazi.

1. Saa na tarehe. Weka GMT+3, kwenye orodha nyingi imeandikwa Nairobi. Kisha linganisha saa ya kwenye picha na saa ya simu yako.

2. Kurekodi. Usiangalie laivu tu. Subiri dakika kumi, rudi nyuma, cheza video ya dakika tano zilizopita. Isipocheza, hairekodi.

3. Kadi au diski. Ingia sehemu ya hifadhi uone kama kadi inasomeka na ina ukubwa gani.

4. Paswedi. Ukiriseti, kamera nyingi zinarudi kwenye paswedi ya kiwandani. Weka ya kwako, na isiwe namba yako ya simu.

5. Muono. Je, bado inaiona meza yote? Ukipanda kubonyeza kitundu cha kuriseti unaweza kuisogeza bila kujua.

KAMERA IKISUMBUA, ANZIA HAPA

Inasema haipo hewani. Angalia umeme wake kwanza, kisha ruta. Kama bando limeisha, hutaiona ukiwa nyumbani, lakini yenye kadi inaendelea kurekodi dukani, kwa hiyo usiharakishe kuiriseti. Umebadilisha ruta? Ipe ruta mpya jina lile lile na paswedi ile ile ya zamani, herufi kubwa na ndogo zifanane. Mara nyingi kamera itajiunga yenyewe.

Inakataa kuunganishwa na waifai. Kamera nyingi za bei yetu zinatumia waifai ya 2.4 GHz tu. Kama ruta yako inatoa na ya 5 GHz, hakikisha unaiunganisha kwenye ile ya 2.4.

Inajizima usiku tu. Usiku zinawaka zile taa za kuonea gizani, na zinataka umeme zaidi. Ukitumia chaja dhaifu au waya mrefu mwembamba, umeme hautoshi. Rudisha chaja iliyokuja nayo, au nunua yenye volti zile zile na ampea zisizopungua zilizoandikwa kwenye kamera.

Saa inarudi nyuma kila umeme ukikatika. Kwa wenye DVR, ndani kuna kabetri kaduara, mara nyingi CR2032, ndiko kanakotunza saa. Kakifa, saa inapotea. Ni betri ya bei ndogo, fundi anabadilisha mara moja.

DVR inapiga kelele. Mara nyingi inalia kwamba diski haionekani au imejaa. Zima, kaza waya za diski, washa. Ikiendelea, huenda diski imekufa. Usinyamazishe sauti ukaendelea na biashara. Wengi wanafanya hivyo, siku ya tatizo hakuna video.

Apu imegoma baada ya apdeti. Kabla ya kuriseti kamera kama nilivyofanya mimi, futa apu, ipakue upya, ingia kwa akaunti yako. Zima ruta dakika moja, washa. Chomoa kamera, chomeka. Kuriseti kuwe mwisho kabisa.

Kamera imesajiliwa kwa akaunti ya fundi. Hii ipo sana. Mpigie aiondoe kwenye akaunti yake, wewe uisajili kwenye yako. Kamera nyingine hata ukiiriseti bado inamtambua yule wa kwanza. Na ukae ukijua: mwenye akaunti anaona duka lako saa 24.

HESABU YA KADI

Swali la muhimu kwetu sisi wa mtandaoni: video inakaa siku ngapi kabla haijafutwa? Kadi ikijaa, kamera inafuta za zamani na kuandika mpya juu yake.

Angalia kwenye setingi kamera inarekodi kwa kasi gani. Kila megabiti 1 kwa sekunde inakula karibu GB 10.8 kwa siku. Ikiwa ni megabiti 2, ni karibu GB 21.6 kwa siku. Kadi ya GB 64 ukitoa kinacholiwa na mfumo inabaki kama GB 58. Gawa: hazifiki hata siku tatu.

Sasa fikiria. Umetuma mzigo wa Mwanza Jumatatu, umefika Jumatano, mteja kaenda kuuchukua Ijumaa, Jumamosi anakwambia kuna kitu kimepungua. Video ya Jumatatu imeshafutwa. Ndiyo maana ile ya kupakia mizigo ya mikoani inabidi uihamishe jioni ya siku ile ile, au upunguze ubora wa picha kidogo, au ununue kadi kubwa kama kamera yako inaikubali.

Kadi yenyewe chukua zile zilizoandikwa ni za kamera za ulinzi, zinavumilia kuandikwa muda wote. Na jihadhari na feki. Inaandikwa GB 128 nje, ndani haifiki hata robo, video zinaharibika bila wewe kujua.

UKIKUTA SAA IMEKOSEA, USIFUTE KITU

Kurekebisha saa leo hakubadilishi saa iliyoandikwa kwenye video za jana. Kabla ya kurekebisha, fungua laivu, weka pembeni simu nyingine yenye saa sahihi, piga picha vyote viwili vikionekana pamoja. Hapo unajua tofauti ni kiasi gani, na hata mkifika kwa mjumbe au polisi unaweza kuonyesha. Kisha unapotafuta tukio, toa au ongeza hiyo tofauti.

Hivyo ndivyo nilivyoyapata magauni yangu. Nilitoa saa 5, nikaanza kuangalia mzigo mmoja mmoja. Video iliyoandikwa 16:10, yaani saa 5:10 asubuhi, inamuonyesha mtu anaweka magauni mawili ya ziada kwenye mfuko wa mteja wa Dodoma huku anaongea na simu. Mtu huyo ni mimi.

Nikampigia mteja. Mungu ambariki, alikuwa hajayauza wala kuyavaa. Moja akalilipia, la pili akalirudisha kwa basi.

Ile status sikuituma, na nashukuru. Ningeituma ningemharibia binti wa watu maisha kwa kosa la saa ya kamera. Pia tukumbuke Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, picha ya mtu sio ya kurusha rusha mtandaoni kwa sababu una hasira. Ukiwa na ushahidi, upeleke panapohusika.

Binti nilimfuata kwao Mbagala, nikamuomba msamaha mbele ya mama yake. Mama aliniuliza swali moja tu: "Na lingekuwa halina jua hilo duka?" Sikuwa na jibu. Amerudi kazini, ila siku hizi funguo ya akiba hataki kuishika, anasema nikae nayo mwenyewe. Namuelewa.

Kwa hiyo leo kabla hujafunga, fanya vitu viwili, havimalizi dakika tano. Linganisha saa ya kamera na ya simu yako. Kisha cheza video ya jana saa kama hizi uone kama ipo. Ikiwa haipo, sasa unajua pa kuanzia.

Mtumie na muuzaji mwenzako mwenye kamera. Na kama ya kwako inasumbua kwa namna ambayo sijaitaja, niandikie hapo chini ukitaja inavyofanya, tusaidiane. Biashara njema.