Usukani mwepesi, usukani mzito: unanunua nini unapolipia nyongeza ya gari?

Jules Street ni barabara iliyonyooka kama uzi. Inaanzia Jeppestown na kuelekea mashariki mwa Johannesburg, na kando yake zimepangana yadi za magari yaliyokwisha kutumika. Miongoni mwa wanaofika hapo na akiba zao ni wahamiaji kutoka Kongo, Tanzania, Kenya na Uganda. Maswali yanayoulizwa ni yale yale ya kila mahali: gari limetembea kilomita ngapi, limewahi kugongwa, rangi ni ya asili au limepakwa upya? Swali ambalo ni nadra kulisikia ni hili: usukani wake unasemaje? Hilo ndilo swali tunalolitazama katika makala hii.

Neno lenyewe, msikilizaji, tumelipata baharini. Katika jahazi, usukani ni ule ubao uliozama majini nyuma ya chombo, na anayekiongoza chombo hushika kana iliyounganishwa nao. Kupitia kana hiyo mkono wake hupata habari za mkondo na wimbi kabla jicho halijaona kitu. Gari lilipofika pwani ya Afrika Mashariki, watu walikichukua kile kigurudumu kilicho mbele ya dereva wakakiita usukani, nao hawakukosea. (Mafundi wengi husema stelingi, ingawa kwa kijana wa Dar es Salaam stelingi ni yule shujaa wa filamu anayepigwa risasi na asife.)

Habari zinazopanda kutoka barabarani hadi mkononi ndizo wataalamu wa magari huziita hisia ya usukani. Chanzo chake ni tairi za mbele. Mhimili ambao kila gurudumu la mbele hugeukia juu yake umelazwa kidogo kuelekea nyuma, mfano wa uma wa baiskeli. Kwa sababu hiyo gurudumu daima hutaka kurudi katika mstari ulionyooka, na ndiyo maana ukilegeza mikono baada ya kukata kona, usukani hujirudisha wenyewe. Kadiri unavyokata kona kwa kasi, ndivyo nguvu hiyo ya kurudi inavyoongezeka na usukani kuwa mzito.

Lakini lipo jambo la ajabu kidogo, nalo ni kiini cha habari hii. Nguvu hiyo haiongezeki bila mwisho. Tairi inapokaribia kikomo cha kushika lami, nguvu ya kurudi huanza kupungua kabla tairi yenyewe haijateleza. Kwa maneno mengine, usukani hulegea kidogo kukuonya. Mchana wa kiangazi hapa Johannesburg, mvua ya radi hushuka kwa ghafla na maji hutanda barabarani kwa dakika chache. Tairi zikianza kuelea juu ya maji hayo, dereva mwenye usukani unaozungumza huhisi wepesi usio wa kawaida na kuondoa mguu kwenye mafuta. Yule ambaye usukani wake ni bubu hupata habari hiyo pale pua ya gari inapokataa kugeuka.

Basi kwa nini watu wakaweka mtambo unaopunguza habari hizo? Jibu ni uzito. Mhandisi Francis Davis wa Marekani, aliyewahi kufanya kazi katika kampuni ya Pierce-Arrow, alionyesha usukani wa kusaidiwa kwa nguvu za mafuta mwaka 1926. Hata hivyo, ilipita robo karne kabla ya Chrysler kuuza gari la kwanza la abiria lenye mtambo huo, Imperial ya mwaka 1951. Wamarekani waliupenda mno. Magari yao makubwa yalifika mahali pa kugeuzwa kwa kidole kimoja, na dereva hakujua kama anapita juu ya lami au juu ya godoro.

Afrika Kusini ilichelewa kupata anasa hiyo kwa watu wa kawaida. Volkswagen Citi Golf, iliyotengenezwa Uitenhage, mji ambao sasa unaitwa Kariega, iliuzwa tangu mwaka 1984 hadi 2009, na matoleo yake ya bei nafuu hayakuwa na usaidizi wowote. Toyota Tazz, iliyoundwa Durban kati ya mwaka 1996 na 2006, ilikuwa vivyo hivyo katika toleo lake la chini. Waliojifunza kuendesha kwa magari hayo wanakumbuka jinsi mabega yalivyouma wakati wa kuegesha kwenye nafasi finyu. Lakini gari likishaondoka, mambo hubadilika. Citi Golf ni nyepesi, tairi zake ni nyembamba, na katika mpindo wa Munro Drive pale Upper Houghton mkono hupata habari za kila punje ya changarawe. Kwa maoni yangu, magari machache ya bei hiyo yamewahi kuwa na usukani mkweli kiasi hicho. Ila sifa hizo hazimsaidii mtu mwenye maumivu ya bega, wala dereva anayeegesha mara arobaini kwa siku akisambaza mizigo.

Mtambo wa mafuta hufanya kazi hivi. Ndani ya mti wa usukani mna kijiti chembamba cha chuma kinachoweza kujinyonga kidogo. Dereva anapozungusha, kijiti hujinyonga, valvu hufunguka, na mafuta yaliyosukumwa na pampu huelekezwa upande unaotakiwa ili kuisukuma raki inayogeuza magurudumu. Dereva akiacha kukaza mkono, kijiti hunyooka na msaada hukoma. Ukichagua kijiti kigumu, dereva atalazimika kukaza zaidi kabla ya kusaidiwa, na usukani utakuwa mzito na wenye habari nyingi. Ukichagua kilicho laini, utakuwa mwepesi na mkimya. Kwa hiyo, tofauti kati ya gari moja na jingine mara nyingi huanzia kwenye kipande cha chuma kisichozidi unene wa kidole, ambacho mnunuzi hatakiona maisha yake yote.

Kasoro ya mtambo huo ni kwamba pampu huzungushwa na injini kwa mkanda. Unapoegesha, injini huzunguka polepole wakati unahitaji msaada mwingi. Kwenye barabara kuu ya N1 injini huzunguka kwa kasi wakati huhitaji msaada wowote. Ndipo ulipobuniwa usukani unaopima mwendo, ambao hutoa msaada mkubwa gari likiwa karibu limesimama, na kuupunguza kadiri mwendo unavyoongezeka. Jina linalojulikana zaidi ni Servotronic, nalo huonekana katika orodha za nyongeza za watengenezaji wa Ujerumani.

Hapa tunafika Rosslyn, kaskazini mwa Pretoria. BMW inamiliki kiwanda pale tangu mwaka 1973, na kwa miongo kadhaa, hadi mwaka 2018, kilitoa magari ya 3 Series kwa soko la ndani na la nje. Baadaye kikahamia kwenye X3. Chukua 3 Series ya kizazi kilichoanza mwaka 2005, ile ambayo mafundi huiita E90. Magari mawili ya rangi moja, injini moja na mwaka mmoja yangeweza kuwa na tabia tofauti kabisa mkononi. La kwanza lina usukani wa kawaida wa mafuta, ambao ni mzito wakati wa kuegesha, mzito kiasi cha kulalamikiwa, lakini ni imara na msema kweli barabarani. La pili lina Servotronic, kwa hiyo ni jepesi katika yadi na hukaza kwenye mwendo. La tatu, nalo ni adimu, lina kile BMW ilichokiita Active Steering, kilichotokea kwanza kwenye 5 Series ya mwaka 2003. Hicho hubadilisha hata kiwango cha kugeuka: kwa mwendo mdogo, chini ya mizunguko miwili yatosha kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, na kwa mwendo mkubwa gari huwa tulivu. Madereva waligawanyika juu yake. Wako walioupenda ulaini wake, na wako waliosema kamwe hawakuzoea gari ambalo leo linageuka hivi na kesho vile.

Isitoshe, nyongeza zisizotajwa kuwa za usukani hubadilisha usukani. Rimu kubwa zaidi na tairi pana huongeza uzito wakati wa kuegesha, na hufanya gari lifuate mifereji iliyochimbwa na malori kwenye lami, hata dereva akalazimika kulirudisha kila mara. Tairi zinazoweza kutembea bila upepo, ambazo BMW ilizifunga kwenye E90, zina kuta ngumu, nazo hupitisha kila shimo hadi kwenye viganja. Na mashimo ya Johannesburg hayahitaji kutangazwa. Injini ya dizeli huongeza uzito mbele. Hata usukani mnene uliovikwa ngozi, unaokuja na vifurushi vya michezo, humfanya dereva aamini kwamba gari limebadilika, ilhali kilichobadilika ni kipimo cha kiganja.

Kwa nini hili ni suala la fedha? Kwa sababu mnunuzi wa gari jipya hapa kwa kawaida huchukua mkopo, mara nyingi wa miezi 72, na bei ya kila nyongeza huingizwa humo ikalipiwa riba miaka yote hiyo. Siku ya kuliuza, yadi hulipima gari kwa toleo, mwaka na kilomita, na nyongeza nyingi huhesabiwa kidogo sana au hazihesabiwi kabisa. Hasara ya mnunuzi wa kwanza ndiyo faida ya yule wa Jules Street, mradi ajue anachokitazama. Sheria za Afrika Kusini haziruhusu magari yaliyotumika kuingizwa nchini kwa biashara ya kawaida; kibali cha tume ya biashara ya kimataifa, ITAC, hutolewa kwa hali maalumu, kama mkazi anayerejea nyumbani. Hivyo gari la Jules Street kwa kawaida liliuzwa likiwa jipya hapa hapa. Katika magari ya Volkswagen, karatasi yenye orodha ya alama za nyongeza hubandikwa sehemu ya mizigo na nakala yake huwa ndani ya kitabu cha huduma. Kwa BMW, namba ya chasi hutosha kuifichua orodha hiyo.

Msikilizaji wa Mombasa au Dar es Salaam, anayenunua gari kutoka Japani, hana anasa hiyo ya kuchagua. Kwake herufi PS kwenye tangazo la mnada humaanisha tu kwamba msaada upo. Haimwambii ni wa aina gani. Na aina zimebadilika. Mwaka 1988 Suzuki ilifunga usukani wa mota ya umeme katika kigari chake kidogo cha Cervo. Teknolojia ilianzia kwa magari madogo kwa sababu umeme wa volti 12 haukutosha kusukuma magari mazito. Kati ya hatua hizo mbili kulikuwa na mchanganyiko, pampu ya mafuta inayoendeshwa na umeme, kama kwenye Volkswagen Polo ya kizazi kilichoanza mwaka 2001. Toyota Passo na Vitz zilizotengenezwa baada ya mwaka 2005 hazina kabisa mafuta ya usukani. BMW 3 Series iliyoingia sokoni mwaka 2012 nayo ilihamia umeme, na hata Porsche 911 iliyozinduliwa mwaka 2011.

Sababu kubwa ilikuwa mafuta ya injini: mota hunywa umeme pale tu inapohitajika. Sababu ya pili ni kwamba kompyuta ikishapata mkono wa kugeuza, inaweza kuegesha gari yenyewe au kulirudisha katika mstari wake. Gharama yake ni ukimya. Mota ina uzito na msuguano wake, na kilichobaki huamuliwa na programu. Mitambo ya mwanzo ilihisi kama kuzungusha mpira. Iliyofungwa karibu na raki, badala ya juu kwenye mti wa usukani, kwa kawaida huwa bora. Ama kile kitufe chenye neno Sport, mara nyingi huongeza uzito tu. Uzito na habari ni vitu viwili mbalimbali, na muuzaji anayevichanganya hustahili kuulizwa maswali zaidi.

Mtambo wa umeme huweza pia kuzimika ghafla. Mwaka 2010 General Motors iliyarejesha magari madogo yapatayo milioni 1.3 huko Amerika Kaskazini, yakiwemo Chevrolet Cobalt, kwa sababu ya mota za usukani zilizoacha kusaidia. Magurudumu hubaki yameunganishwa na usukani, kwa hiyo gari bado hugeuka, lakini linataka nguvu ambayo dereva aliyeshtuka hakuitarajia.

Ukiwa Jules Street basi, au Kariakoo, omba kwanza kuwasha gari ukiwa umeuegemeza mkono kwenye usukani: injini ikiwaka, usukani unapaswa kulegea. Kwenye mtambo wa mafuta, sikiliza mlio wa kuvuma unapozungusha, kisha tazama chini penye raki kama pamelowa. Soma maandishi ya kifuniko cha tangi kabla ya kuongeza chochote, maana Honda ina mafuta yake maalumu na BMW ilitumia aina mbili tofauti kwa magari tofauti. Kwenye mtambo wa umeme, tazama taa ya onyo, na usipuuze betri iliyochoka, kwani huweza kuufanya usukani uwe mzito bila ubovu mwingine wowote. Pima upepo wa tairi za mbele, kwa sababu tairi laini huiga ugonjwa wa usukani kikamilifu. Halafu endesha, kata kona moja ndefu kwa mwendo wa wastani, legeza mikono kidogo, na utazame kama usukani unarudi wenyewe. Usiporudi, mwite fundi aangalie alaimenti na viungo vya mbele kabla hujataja bei.