Betri ya Simu Ikifura, Makosa ni Yako? Cheki Vile Samsung Walibanwa Mpaka Wakasema Ukweli

Pitia kwa fundi yeyote wa simu Wajir mjini mwezi wa pili ama wa tatu, jua likiwa limekaza, umwambie simu yako imefura mgongo. Kabla hata hajaifungua atakuuliza: Unachajia na nini? Unalala ikiwa kwa chaji? Unaiacha kwa dashibodi ya bajaj? Kesi inaanza na wewe ukiwa mshukiwa, na kampuni iliyotengeneza hiyo betri haijatajwa hata mara moja.

Wakati mwingine ni kweli, walalo, umeichoma mwenyewe na chaja ya soo. Lakini kuna kesi moja kubwa duniani ambapo dunia nzima ilianza na maswali kama hayo ya fundi, na mwishowe ikabainika mwenye simu hakuwa na makosa. Tuirudie polepole, juu inakuhusu hata kama simu yako ni itel ya bei ya chini.

Samsung walizindua Galaxy Note 7 mwezi wa nane 2016. Ilikuwa simu ya wadosi, nyembamba, kioo kimekunjwa pande zote, na ndani betri ya mAh 3,500. Note 5 iliyotangulia ilikuwa na 3,000. Weka hizo namba mbili kwa akili, tutazirudia. Wiki mbili hazijaisha, simu zikaanza kushika moto.

Jibu la kwanza la kampuni lilikuja Septemba 2. Samsung walisema wamepata visa 35 dunia nzima, yaani kama simu 24 kwa kila milioni, na shida ni betri kutoka kwa msambazaji mmoja. Wakaita simu milioni 2.5 zirudi. Ukisikia namba kama hiyo unatulia, si ndio? 24 kwa milioni ni kama hakuna kitu. Wateja wakapewa simu mpya zenye betri ya kampuni nyingine, wakaambiwa hizi ziko sawa.

Oktoba 5, simu moja ya zile zilizobadilishwa ikatoa moshi ndani ya ndege ya Southwest huko Louisville, Marekani. Abiria wakashushwa mbio. Zingine nazo zikafuata. Oktoba 11 Samsung wakafunga hesabu, Note 7 ikakufa kabisa. Siku chache baadaye Marekani ikaipiga marufuku kwa ndege zote, hata ikiwa imezimwa.

Hapo ndipo maneno ya design yakaanza kuwachoma. Kampuni moja ndogo ya mainjinia Marekani, Instrumental, ilifungua Note 7 ikapima nafasi iliyoachiwa betri, na Desemba 2016 ikaandika kwamba betri ilibanwa sana. Mambo ni hivi: betri ya lithiamu inapumua. Ikichajiwa inanenepa kidogo, na ikizeeka inanenepa zaidi, kwa hivyo mwenye kuunda simu lazima aiachie nafasi juu yake. Note 7 haikuwa na hiyo nafasi ya kutosha, walisema, juu Samsung walitaka simu nyembamba na betri kubwa kwa wakati mmoja.

Januari 23, 2017, Samsung wakaita wanahabari Seoul. Mkubwa wa idara ya simu, Koh Dong-jin, akainama kuomba msamaha, kisha wakaweka kila kitu mezani. Walikuwa wametumia mainjinia 700, wakajaribu simu 200,000 zilizokamilika na betri 30,000 peke yake. Wakaita pia kampuni za nje kuangalia: UL, Exponent na TÜV Rheinland.

Kitu cha kwanza walichofanya ni kuondoa yale maswali ya fundi moja baada ya lingine. Walichaji simu kwa kasi, wakachaji polepole. Wakaweka kifuniko cha nyuma, wakatoa. Wakaangalia programu, wakaangalia maji. Zote zilichomeka kwa kiwango karibu sawa! Yaani vile ulivyokuwa unaitumia haikubadilisha kitu. Kilichobaki ni betri yenyewe.

Sasa ingia ndani ya betri. Kuna karatasi mbili nyembamba za chuma zilizopakwa kemikali, moja ni chanya, nyingine hasi. Katikati yao kuna kitenganishi, plastiki nyembamba kushinda mfuko wa duka. Vyote vinakunjwa pamoja kama chapati na kuingizwa kwa pochi. Zile karatasi mbili zikigusana, umeme wote uliohifadhiwa unatoka mara moja kama joto, na kemikali iliyo ndani inawaka kama petroli. Kinachokutenganisha na moto mfukoni ni hiyo plastiki.

Betri ya kwanza, iliyotengenezwa na Samsung SDI ambao ni wa familia moja na Samsung, pochi yake haikuwa na nafasi ya kutosha kwa kona ya juu kulia. Karatasi hasi ikakunjika hapo kwa kona, ikawa inasugua na kubana kitenganishi. Hiyo ni design, haina jina lingine. Betri ya pili, ya Amperex kutoka China, umbo lake lilikuwa sawa, lakini welding iliacha vichuma vyenye ncha vilivyotoboa kitenganishi, na zingine zilikosa hata ile tepu ya kuzuia. Hilo lilikuwa kosa la kiwandani, na mbio za kutengeneza betri nyingi kwa haraka za kubadilisha zile za kwanza hazikusaidia.

Mimi kilichonishika ni sehemu iliyofuata. Samsung wangeweza kuwaachia wenye betri mzigo wote, lakini walisema ni wao waliotoa vipimo, ukubwa na nguvu ya betri waliyotaka, na ni wao walioshindwa kukamata makosa kabla simu haijatoka. Hawakupeleka wasambazaji kortini. Samsung SDI nao wakasema wametenga won bilioni 150 za kurekebisha usalama. Na ile Note 7 iliporudi sokoni mwezi wa saba 2017 kwa jina la Note FE, betri ilikuwa imepunguzwa kutoka 3,500 hadi 3,200. Msamaha unaweza kuandikwa na watu wa PR, lakini mAh 300 zilizotolewa hazidanganyi.

Linganisha na Apple mwaka huo huo. Desemba 2017 watu walipogundua iPhone za zamani zinapunguzwa kasi kimyakimya, kampuni ilisema ni kulinda simu isizime ghafla betri ikizeeka. Wakaomba msamaha na kushusha bei ya kubadilisha betri kutoka dola 79 hadi 29. Poa, lakini kosa walilokubali ni la mawasiliano, ya kwamba hawakuelezea vizuri. Betri ya kufungiwa ndani, ambayo huwezi kuitoa na kucha kama zile Nokia za zamani, hawakuigusa. Ufaransa ikawalima faini ya euro milioni 25 mwaka 2020.

Haya, turudi Wajir. Ukisoma maelezo ya Apple, wanasema simu itumike kwenye joto la digrii 0 hadi 35, na zaidi ya hapo betri inaweza kuharibika moja kwa moja, isirudi. Samsung nao wanapendekeza 0 hadi 35. Sasa niambie ukweli: Wajir, Habaswein ama Eldas saa nane mchana, kabla ya mvua za Aprili, ni siku ngapi huwa chini ya 35 nje? Hiyo ni kabla simu ichomekwe kwa sola, ikiwa imeshikilia netiweki iliyo mbali, ndani ya kibanda cha mabati.

Joto linafanya kemikali ya ndani ivunjike haraka na kutoa gesi, na gesi ndiyo inafura. Kwa hivyo jamaa wa Griftu anayechaji simu kwa paneli mchana, kwa sababu mchana ndio kuna jua, hana mambo ya ajabu. Anatumia simu vile mtu wa Griftu anatumia simu. Kama kampuni inauza simu hapa na inajua kiwango chake kinaishia 35, hiyo ni shida ya design, na kumwambia mteja "umeiweka kwa joto" ni kumlaumu kwa kuishi kwao.

Na kuna njia za kujenga tofauti, ni vile zinapunguza uzuri na faida. Betri iachiwe nafasi. Simu isimamishe chaji ikipita joto fulani (simu nyingi siku hizi hufanya hivyo, zile za bei ya chini ndio za kuuliza). Betri iwe ya kutoka. Ulaya wameshaweka sheria: kuanzia Februari 18, 2027 betri ya kifaa cha mkononi iwe inaweza kutolewa na mwenyewe, ingawa kuna mianya ya zile zinazodumu sana na zisizoingia maji. Sisi Kenya tuna Kifungu cha 46 cha Katiba, kinachosema mteja ana haki ya bidhaa bora, ya kupewa maelezo anayohitaji, na ya kulipwa akipata hasara kwa sababu ya bidhaa mbovu. Kwa hivyo ukinunua simu, uliza waranti inasema nini kuhusu betri kufura na kuhusu joto, na uandikiwe kwa risiti. Muuzaji akikwambia betri haina waranti, angalau umejua kabla hujatoa doh.

Kama yako imeshafura, toa kwa chaji saa hii. Usiibonyeze irudi, na usiitoboe na sindano ati gesi itoke, kuna wasee hufanya hivyo na hapo ndipo zile karatasi mbili hukutana. Iweke kwa mchanga, kivulini, mbali na godoro na watoto, halafu umpelekee fundi. Akianza na yale maswali yake, mjibu tu, lakini na wewe muulize betri anayokuwekea imetoka wapi.