Sura ya Tatu: Profesa, Umejuaje?

Tarehe 2 Aprili 1980, polisi wa Bristol, Uingereza, walivamia mkahawa mmoja katika mtaa wa St Pauls, mtaa uliokuwa na wakazi wengi weusi wenye asili ya visiwa vya Karibi. Ghasia zikazuka. Mawe yalirushwa, magari ya polisi yakachomwa moto, na kwa saa kadhaa polisi wakalazimika kuondoka kabisa mtaani. Maelezo rahisi ya tukio kama hilo yapo tayari siku zote: umati umepandwa na wazimu. Yana ukoo mrefu. Mfaransa Gustave Le Bon aliyaandika mwaka 1895, akidai kwamba mtu akishaingia kwenye umati hupoteza akili zake na kubebwa na hisia za kundi.

Stephen Reicher, wakati huo kijana mtafiti wa saikolojia ya jamii, hakuridhika. Aliwatafuta walioshiriki na walioshuhudia, akawahoji, akayapanga matukio ya siku ile moja baada ya jingine. Picha iliyojitokeza haikufanana na wazimu. Jiwe lilipoelekezwa kwa polisi, wengine nao waliokota mawe. Lakini kioo cha basi la abiria kilipovunjwa, hakuna aliyefuata mkumbo. Waliokuwepo walimwona aliyefanya vile kuwa mpumbavu. Wapo waliosimama barabarani kuongoza magari ya wapita njia. Polisi walipovuka mpaka wa St Pauls, hawakufukuzwa zaidi. Umati ule ulijua unagombana na nani, unaishia wapi na nini hakiguswi.

Utafiti huo ulichapishwa mwaka 1984 katika jarida la kitaaluma. Ukilifungua leo utakutana na nadharia ya utambulisho wa kijamii, mjadala na waliotangulia na istilahi zinazomtaka msomaji awe amekaa darasani miaka kadhaa. Mwandishi hana kosa. Majarida ndivyo yanavyotaka, na wanataaluma wanaihitaji lugha hiyo ili kusahihishana. Ila mkalishe Reicher mbele ya maikrofoni na mtu anayejua kuuliza, na mambo yaleyale yanatoka kwa njia ambayo mwanafunzi wa sekondari, askari polisi na mama anayesikiliza redio huku anapika wote watayafuata. Sura hii inahusu mtu huyo anayejua kuuliza.

Mwaka 2012, David Edmonds na Nigel Warburton walianzisha podikasti iitwayo Social Science Bites, kwa ushirikiano na kampuni ya uchapishaji ya SAGE. Tangu 2007 walikuwa wameshafanya kazi kama hiyo katika falsafa. Reicher alikuwa miongoni mwa wageni wao, akazungumzia umati. Doreen Massey, mwanajiografia, alizungumzia mahali na nafasi. Ann Oakley, mwanasosholojia, uzoefu wa wanawake katika uzazi. Daniel Kahneman, mshindi wa Nobel ya uchumi ya mwaka 2002, namna akili inavyopotoka katika kufanya maamuzi. Utaratibu wao ni rahisi kuueleza na mgumu kuushika: msomi mmoja, jambo moja, mazungumzo mafupi yaliyohaririwa vizuri. Mgeni haulizwi kuhusu maisha yake yote, wala hali ya dunia, wala uchaguzi ujao. Anaulizwa kile alichokichunguza.

Ufupi pekee hautoshi, na hapa ndipo vipindi vingi vya wasomi huharibika. Mtangazaji husoma wasifu mrefu wa mgeni, kisha husema, “Karibu Profesa, tueleze kuhusu utafiti wako.” Profesa hutoa matokeo, asilimia fulani ya hiki, ongezeko la kile, na mtangazaji hushukuru. Msikilizaji huondoka na hitimisho mkononi bila kujua limetoka wapi. Kesho msomi mwingine akisema kinyume chake, hana namna ya kupima, ila kumwamini mwenye cheo kikubwa zaidi. Swali ambalo lingemwokoa ni fupi: umejuaje?

Ubaya wa kukosa swali hilo unaonekana kwa Kahneman mwenyewe. Katika kitabu chake cha mwaka 2011 alieleza, kwa imani kubwa, tafiti zilizodai kwamba vichocheo vidogo tusivyovitambua hutuongoza. Mojawapo ilidai kwamba kusoma tu maneno yanayohusu uzee humfanya kijana atembee polepole. Wengine waliporudia jaribio hilo, hawakuyaona matokeo yale. Mwaka 2017 Kahneman alikiri hadharani kwamba aliziamini mno tafiti zilizofanywa kwa watu wachache. Ulikuwa uungwana mkubwa kwa msomi wa hadhi yake. Lakini fikiria mamilioni waliolishika lile hitimisho la awali. Aliyewahi kusikia kwamba jaribio lilihusu wanafunzi wachache wa chuo alikuwa na sababu ya kusita tangu mwanzo. Aliyesikia matokeo peke yake, hana mpaka leo.

Sasa tuje kwetu, kwenye utafiti mashuhuri uliofanywa nchini Kenya. Kuanzia mwaka 1998, wachumi Edward Miguel na Michael Kremer walichunguza ugawaji wa dawa za minyoo katika shule 75 za msingi za Busia, kazi iliyofanywa pamoja na shirika lisilo la kiserikali. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2004. Kremer alishiriki Nobel ya uchumi mwaka 2019 na Abhijit Banerjee na Esther Duflo, kwa njia hii ya kupima mapambano dhidi ya umaskini kwa majaribio. Kinachotajwa sana ni kwamba katika shule zilizopata dawa utoro ulipungua kwa robo. Mtangazaji wa kawaida angeishia hapo.

Anayeuliza umejuaje ndiyo kwanza anaanza. Utoro ulipimwaje? Kwa daftari la mahudhurio? Hapana: watafiti walijua kwamba madaftari ya shule hayategemeki, kwa hiyo walituma watu kufika shuleni bila taarifa na kuhesabu watoto waliopo. Shule zilizopata dawa zililinganishwa na nini? Shule ziligawanywa makundi matatu ya shule 25 kwa kufuata orodha ya alfabeti. Kundi la kwanza likaanza kupata dawa 1998, la pili 1999, la tatu 2001, hivyo waliotangulia walilinganishwa na waliokuwa wakingoja. Je, watoto walifaulu zaidi mitihani? Hapana, alama hazikupanda, na jambo hilo lilielezwa waziwazi katika utafiti wenyewe ingawa halitajwi sana na wanaounukuu. Na mtoto ambaye hakumeza dawa alipata faida yoyote? Watafiti walisema ndiyo: minyoo huenea kwa mayai yanayotoka na kinyesi, hivyo mtoto mmoja akitibiwa, hatari ya wenzake kuambukizwa nayo hupungua.

Jibu hilo la mwisho lilikuja kuzua ubishi. Mwaka 2015, wataalamu wa afya ya jamii wa London walizichambua upya takwimu zilezile na kukuta makosa ya hesabu, hasa katika faida iliyodaiwa kuzifikia shule za jirani. Waandishi wa awali walikubali kwamba makosa yapo, wakashikilia kwamba hitimisho kuu linasimama. Wanataaluma walivutana kwa muda mrefu. Msikilizaji akielezwa mvutano huo kwa utulivu haipotezi imani yake kwa sayansi. Anaiona ikifanya kazi.

Lipo swali jingine ambalo wahakiki wa majarida hawalikalii sana, lakini mzazi wa Busia angelitoa kabla ya mengine yote: kwa nini mtoto wangu aliwekwa kundi la tatu? Jibu lipo. Shirika halikuwa na fedha wala watendaji wa kuzifikia shule zote kwa pamoja, likaamua kuzifikia kwa awamu, na watafiti wakaitumia awamu hiyo. Mzazi anaweza kulikubali jibu hilo au kulikataa. Lakini ni haki yake kulisikia kutoka kwa mwenye utafiti, kwa lugha anayoielewa, kwa kuwa mtoto aliyehesabiwa ni wake.

Ann Oakley alilifikia jambo hili kwa njia nyingine miaka ya sabini, alipokuwa akiwahoji wanawake waliokuwa wakitarajia mtoto wao wa kwanza. Vitabu vya mbinu za utafiti vilimfundisha kwamba mhoji huuliza tu, hajibu. Wanawake wale wakamgeuzia maswali kwa mamia: kuhusu uchungu, kuhusu kulea, kuhusu yeye mwenyewe. Akaamua kujibu. Mwaka 1981 alichapisha makala ya kutetea uamuzi huo, na hadi leo wanafunzi wa utafiti huisoma. Ninaamini alikuwa sahihi, na kwamba msomi aliyewauliza watu maswali kwa miezi anadaiwa nao saa moja ya kuulizwa.

Tatizo letu la kipekee ni heshima. Mtangazaji kijana anaona haya kumkatiza profesa wa umri wa baba yake, na haya hiyo ni ya malezi mema. Hakuna haja ya kuiua. Kiswahili kimempa njia. “Samahani Profesa, naomba nikurudishe nyuma kidogo,” halafu swali. “Msikilizaji wetu wa kijijini angependa kujua mlimpataje mtu wa kumhoji.” Mgeni mwenye kazi safi hufurahi kuulizwa hivyo, maana miaka yake mingi imekwisha kwenye kujua, si kwenye kutangaza. Kinachotakiwa ni mtangazaji awe ameusoma utafiti kabla ya mgeni kuingia studio, au angalau sehemu ya mbinu, ambayo wengi huiruka. Hapo ndipo maswali yalipo.

Wasomi nao wana la kufanya. Mtafiti wa kigeni anayekuja Tanzania huomba kibali kwa COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia ya nchi hiyo. Akienda Kenya huomba leseni kwa NACOSTI, chombo kama hicho cha huko. Hojaji hutafsiriwa kwa Kiswahili ili wananchi wajibu. Matokeo hurudi kwa Kiingereza, mara nyingi katika majarida ya kulipia ambayo hata mwalimu wa shule iliyochunguzwa hawezi kuyafungua. Kama hojaji iliweza kuwa ya Kiswahili, majibu nayo yanaweza. Kwa hiyo nawaomba wote wawili: mtafiti, kabla hujaondoka wilayani, pita kwenye redio ya hapohapo ukaulizwe, na wewe mwenye kipindi, usimwachie aondoke hajaeleza amejuaje.